Taa Aliyoipenda Bibi Yako

Kabula mwanangu,

Umekwenda Dutwa kuwaaga shangazi zako, na kwa jinsi ninavyowafahamu hawatakuachia kabla jua halijapungua. Kwa hiyo nina mchana mzima mezani peke yangu. Kesho asubuhi utatoka hapa Bariadi na gari letu dogo jeupe, uende kuanza kazi ya ualimu huko njia ya Musoma, na kuna jambo kuhusu gari hilo ambalo lazima ulijue kabla hujashika ufunguo. Mengine yote, ya maji ya kuchemsha, ya chandarua na ya watu wa kukaa nao mbali, mama yako anayasema tangu wiki iliyopita, na ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Jambo lenyewe ni ile taa. Unaijua. Ni ile nyekundu kwenye dashibodi, yenye kijipicha cha mtu aliyeketi na kitu kama mpira mbele ya kifua chake. Umeiona inawaka tangu ulipokuwa kidato cha kwanza, na kama watu wote wa nyumba hii umekua ukidhani ndivyo inavyotakiwa iwe. Sivyo. Ukiwasha gari, taa ile inapaswa iwake sekunde chache tu, kisha izime yenyewe. Ikiendelea kuwaka, maana yake mfuko wa hewa uliofichwa katikati ya usukani, ule ambao mafundi huuita eabegi, hautafunguka siku utakapogonga. Nimeliandika mapema hivi ili hata ukichoshwa na maneno yangu uwe umeshalipata.

Sasa nikueleze tulifikaje hapa, maana hukuwepo, ulikuwa shule ya bweni, na hadithi uliyosimuliwa na bibi yako si ile niliyoiona mimi.

Gari lile lililetwa na pamba. Zamani pamba yote ilinunuliwa na ushirika, na mimi nilikuwa karani wa ushirika, nikizunguka na baiskeli kutoka mizani hii kwenda ile. Kisha soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja akitafuta mtu anayevijua vijiji, na mimi nilivijua. Bwana mmoja mwenye kinu cha kuchambua pamba alinichukua niwe wakala wake. Baada ya misimu mizuri niliagiza gari kutoka Dar es Salaam, lililotumika Japani, kama walivyokuwa wakifanya wenzangu. Kwenye kioo chake kulikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kijapani ambayo sikuibandua kwa muda mrefu, maana ilionyesha kwamba gari ni geni kweli. Kitabu cha maelekezo nacho kilikuwa cha Kijapani. Majibu ya maswali yote yalikuwemo mle ndani, na sidhani kama kutoka hapa mpaka Mwanza kulikuwa na mtu wa kuyasoma.

Siku zile taa ilikuwa inawaka na kuzima vizuri. Sikujua ni ya nini. Zilikuwa taa nyingi.

Bibi yako alipoletwa kutoka kijijini kuliona gari, alilizunguka, akagusa bonneti, akaniita pembeni.

"Masanja, chombo kama hiki hakitembei uchi," aliniambia. "Watu wana macho."

"Mayu," nikamwambia, maana hivyo ndivyo ninavyomwita mama, "gari lina bima."

"Hiyo bima yako inamjua nani hapa?"

Nikamwambia afanye anavyoona. Akaletwa mganga kutoka upande wa Itilima. Huyu bwana alikuwa amekinga nyumba, mazizi na baiskeli, lakini gari lilikuwa jipya kwake, na nampa haki yake: alifikiri kabla ya kutenda. Aliuliza baiskeli yangu dawa iliwekwa wapi, akaambiwa chini ya tandiko. Akauliza, "Na hili mtu analiongozea wapi?" Tukamwonyesha usukani. "Basi ni humo," akasema.

Akaitwa kijana aliyekuwa akitengeneza redio sokoni, akafungua kifuniko cha katikati ya usukani. Nyuma yake akakuta nyaya za njano, akazisukuma pembeni apate nafasi. Dawa ilikuwa kifurushi cha kitambaa cheusi kilichozungushiwa waya wa shaba, ukubwa wa yai la bata. Kilikataa kuingia, akakisukuma kwa kidole gumba, kikaingia. Wote tulikuwa tumeinama pale mlangoni tukichungulia: mimi, bibi yako, mganga, na mama yako na sinia la chai. Baadaye sana niliambiwa kwamba kwa kuwa betri haikuwa imechomolewa, mfuko ule ungeweza kulipuka usoni mwa yule kijana, na sisi tulioinama tungepata sehemu yetu.

Nikawasha gari. Zile taa nyingine zikazima, hiyo moja ikabaki inawaka. Yule kijana wa redio alikunja uso. Bibi yako ndiye aliyesema kwanza.

"Imeingia."

Mganga aliitazama ile taa. Nina hakika naye alishangaa, lakini si mtu wa kuonyesha. "Naam," akasema. "Imeingia."

Ndivyo taa ya hatari ilivyogeuka kuwa taa ya ulinzi katika nyumba yetu. Usicheke sana, maana haikuishia kwetu. Habari zilisambaa. Abiria niliowapa lifti walikuwa wakiinua shingo kuhakikisha inawaka kabla hatujaondoka. Na jirani yetu mwenye pikapu, ambayo taa yake ilikuwa ikizima kila asubuhi jinsi inavyotakiwa, alirudi kwa mganga wake kulalamika kwamba dawa haishiki.

Utaniuliza mimi niliamini nini. Nimejiuliza pia. Sikuamini, sikukataa. Niliona watu wanafurahi, nami nikafurahi kuwa mwenye kitu kinachowafurahisha. Usiku, nikiwa barabarani peke yangu, mwanga wake ulinisumbua macho, kwa hiyo nilibandika kipande cha solotepu nyeusi juu yake, na nilipokaribia nyumbani nilikibandua ili bibi yako aikute inawaka. Kwa miaka kadhaa nilifanya hivyo bila kuona ajabu yoyote. Mtu anaweza kuzoea kazi ya namna hiyo mpaka akaiona sehemu ya kuendesha.

Mwaka jana, kama unavyojua, niligonga dume la ng'ombe karibu na Dutwa. Jua lilikuwa linazama, ng'ombe walikuwa wamekwisha kuvuka barabara, na mmoja akaamua kurudi alikotoka. Mkanda sikufunga. Wakati ule mkanda tulikuwa tukiufunga tukimwona askari. Kifua changu kiligonga usukani, mbavu mbili zikapata ufa, na mfuko wa hewa ukakaa kimya palepale ulipokuwa, umelala pamoja na kifurushi cheusi. Bibi yako alikuja hospitali akanishika mkono, akasema, "Unaona? Bila ile dawa tungekuwa tunazika." Nikamwambia ndiyo, mayu, naona.

Gari lilipopelekwa kwa Maduhu abadilishe taa ya mbele, ndipo nilipoelezwa. Maduhu ni yule fundi umeme wa magari aliyehamia hapa kutoka Mwanza, mwenye kibanda nyuma ya soko. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akageuza ufunguo, akaniuliza, "Mzee, hii taa mna habari nayo?"

"Tunayo," nikamwambia. "Ni dawa ya mama."

Hakucheka. Alitoa kipande kifupi cha waya, akakichomeka kwenye plagi fulani kuunganisha matundu mawili, na ile taa ikaanza kukonyeza. Inakonyeza, inapumzika, inakonyeza tena. Alikuwa akihesabu kwa midomo. Kisha akasema, "Inasema kosa liko kwenye usukani. Kuna waya bapa mle umezungushwa, unaovuka kutoka kwenye gari kwenda kwenye mfuko. Umebanwa au umekatika."

Nilikaa kwenye tairi kuukuu mbele ya kibanda chake mpaka akamaliza kunieleza. Kumbe mbele ya gari kuna sensa, vitu vidogo vya kuhisi pigo. Katikati, chini ya redio, kuna kisanduku cha kompyuta kinachosikiliza sensa zile na kuamua kama pigo ni kubwa la kufungua mfuko au ni shimo tu la barabarani. Uamuzi wote ni wa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Na kila unapowasha gari, kompyuta hiyo kwanza inajikagua. Inapita kila waya, kila sensa, inauliza kama upo. Zikiitika zote, inazima taa na kukaa kazini. Moja ikikosa kuitika, inawasha taa na kujitoa.

Hapo nilibishana naye. Nilimwambia ni ujinga. Waya mmoja tu umeguswa, halafu kitu kizima kinakaa chini, hata mfuko wa abiria ambaye waya wake hauna kosa? Si bora kijaribu?

"Kikijaribu, mzee, kinaweza kufunguka hapa tunapoongea," Maduhu akasema. "Au ukiwa mwendo mkali kwenye lami ya Lamadi, barabara nyeupe, hakuna ulichogonga. Mfuko unakupiga uso, unapoteza usukani. Kile kisanduku hakijui kama kosa ni dogo. Kinajua tu hakiamini kinachosikia."

"Kwa hiyo kinatuacha."

"Hakiwaachi. Kinawaambia. Kimewaambia miaka yote hiyo."

Akaongeza kwamba magari hayafanani, mengine huzima upande wenye kosa tu na kuacha mwingine ukifanya kazi, lakini hili letu, kadiri alivyolijua, hujitoa lote. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa: je, kama taa ingekuwa imezima siku ile ya ng'ombe, mfuko ungefunguka, na mbavu zangu zingepona? Alifikiri, akasema hajui. Labda pigo la ng'ombe lilikuwa dogo kwa sensa. Labda ungefunguka na kunivunja pua, kwa sababu mfuko umetengenezwa kumsaidia mtu aliyefunga mkanda, na asiyefunga hutupwa mbele, mfuko ukampiga vibaya. Kwa hiyo sijui kama dawa ya bibi yako iliniumiza, na yeye hajui kama iliniokoa. Tuko sawa hapo.

Hayo niliyajua mwaka jana. Sikumwambia mtu. Nilirudi nyumbani na taa inawaka, bibi yako akaiona, akaridhika, nikaegesha.

Nataka nikuambie kwa nini, kwa sababu tabia hiyo huenda umeirithi, na afadhali uijue ilikotoka. Ulipokuwa kidato cha nne, yule bwana wa kinu alifunga shughuli zake ghafla. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka, alipakia mizani yake akaondoka. Mimi sikusema nyumbani. Kila asubuhi nilivaa shati, mama yako akanifungia matobolwa ya viazi vitamu, na nikaendesha mpaka Lamadi, nikakaa kivulini karibu na wachuuzi wa samaki nikiwatazama wakipanga sato na sangara kwenye matenga. Jioni nikarudi na uchovu wa kutofanya lolote, ambao ni mkubwa kuliko ule mwingine. Mama yako alielezwa na mama mmoja muuza dagaa, ambaye alimuuliza kwa nia njema kabisa kama mumewe anaumwa, maana anashinda pale amekaa tu.

Nilitegemea atakasirika kwamba kazi imekwisha. Hilo halikumgusa. Alichokasirikia ni yale matobolwa. "Nimeamka alfajiri nikachemsha viazi," alisema, "nikifikiri namfungia mtu chakula cha kazini." Kwa wiki kadhaa baada ya hapo nilijifungia chakula mwenyewe.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mbavu. Mimi nilikuwa na hofu na aibu, na bado kila asubuhi nilijionyesha nyumbani kwangu kama mtu ambaye kila kitu chake kinaitika. Kile kisanduku chini ya redio kina akili kidogo sana, lakini hakijawahi kufanya hivyo hata siku moja. Sikupi somo, Kabula. Wewe ni mwalimu, utatoa masomo mpaka uchoke. Nakueleza tu baba yako alivyo.

Ulipopata barua ya kazi nilisimama mbele ya ndugu wote nikasema utaondoka na gari, unaendesha mwenyewe. Ulifurahi, nami niliona fahari. Niliwaza watu wa Dutwa watakavyosimama kumtazama binti wa Masanja akipita. Usiku ule ndipo nilipokumbuka taa. Wiki hii nililipeleka kwa Maduhu kimyakimya. Alichomoa betri, akasubiri umeme uliobaki uishe, akafungua, akanitolea kile kifurushi. Kweli waya bapa ulikuwa umechanika. Kipuri hakipatikani hapa. Ameagiza Mwanza na hakijafika. Akaniambia wapo wanaoondoa balbu ili taa ionekane imezima, au wanaiunganisha na taa ya oili izime pamoja nayo, na magari mengi yanauzwa hivyo. Yeye hafanyi. Sikumwomba afanye.

Kwa hiyo dawa haimo tena, na taa bado inawaka. Bibi yako ameiona tena asubuhi hii nilipoliwasha gari. Amekwenda akasimama mbele ya dirisha la dereva, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kukaa. Anaamini unaondoka ukiwa umekingwa. Nimewaza kumwacha hivyo hivyo. Ni mzee, hatasafiri nalo, na wewe nakuambia kwa barua hii ufunge mkanda, uende polepole, usitegemee mfuko. Kila mtu angepata anachotaka.

Nimeacha kalamu hapo nikatoka. Sasa nimerudi, na mambo yamebadilika.

Nilimkuta anachambua mchicha. Nikakaa chini karibu naye, nikamweleza yote: kifurushi, waya, ng'ombe, Maduhu. Nilimwambia kwamba dawa nimeitoa na ninayo kwenye mfuko wa koti. Nilitegemea atalia, au atanilaani. Aliendelea kukata mizizi ya mchicha kwa kisu.

"Kwa hiyo ile taa," akasema, "miaka yote inasema kuna kitu kibaya?"

"Ndiyo, mayu."

"Na wewe umelijua hilo tangu mwaka jana."

"Ndiyo."

"Na ng'wana wane, mwanangu Kabula, anaondoka nalo kesho."

Nilimwambia nimekuandikia barua, nimeeleza kila kitu, utaisoma. Akaweka kisu chini. "Masanja, mtoto anakuamini wewe. Atasoma, atasema baba amelijua tatizo, baba amelikubali, basi si kubwa. Ataendesha." Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Nimempa. Nina miaka zaidi ya hamsini na nimempa kama nilivyokuwa nikimpa manati utotoni, akininyang'anya. Ameufunga kwenye pindo la khanga yake na kurudi kwenye mchicha. Kuhusu dawa ametaka kujua jambo moja tu, kama waya wa shaba umeharibika. Nikamwambia hapana. Akasema tutaona pa kuiweka, gari likishapona, mahali ambapo Maduhu atakubali.

Kwa hiyo mwanzo wa barua hii nilikosea, na sifuti. Huondoki na gari. Utapanda basi la asubuhi mpaka Lamadi, ushuke hapo upande lile la Musoma. Kipuri kikifika, nikiiona taa inazima yenyewe, nitakuletea gari mimi mwenyewe nikiwa nimefunga mkanda. Najua utavunjika moyo. Uliwaambia wenzako unakuja unaendesha. Ukikasirika niambie, usikae kimya ili kunifurahisha.

Nimebakiza jambo moja ambalo sijamwambia bibi yako wala mama yako. Barua nzima nimekuwa nikizungumzia waya na sensa na mabasi kwa sababu hayo nayaweza. Hata gari lingekuwa zima kabisa, ningekuwa hivi hivi. Sitaki uondoke, Kabula. Utaondoka, na ni vizuri uondoke, lakini sitaki, na naogopa sana.

Baba yako,
Masanja